Jirani Anastaafu, Sauti Yake Bado Iko Kazini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mwenzetu ambaye kila mtu hapa, hata mlinzi wa getini, anamwita Jirani, atakabidhi ufunguo wa maktaba ya sauti na kwenda nyumbani. Atakuwa ametumikia kituo hiki miaka thelathini na mitatu, tangu tarehe 11 Machi 1991 alipoingia kwa mlango wa nyuma akiwa na viatu mkononi, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima.

Hotuba ya uongozi itasomwa ukumbini siku ya Ijumaa, na bila shaka itakuwa nzuri. Jarida hili ni la wafanyakazi, kwa hiyo tutaandika tuliyoyaona tukiwa kazini.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa idara ya vipindi vya vijijini. Idara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mapipa ya dizeli, mashine mbili za chapa, na mtangazaji mmoja mwenye sauti nzito aliyesoma taarifa za wakulima kama anayesoma hukumu. Jirani alizichapa taarifa hizo kwa miaka miwili, na waliokuwepo wanakumbuka kwamba alizisoma kwa sauti huku akizichapa, akigombana nazo. Karatasi ikisema palizi ya pili ifanyike kwa wakati unaofaa, yeye aliuliza ukuta wakati unaofaa ndio lini, mahindi yakifika gotini au yakifika kiunoni.

Asubuhi moja mtangazaji aliamka hana sauti. Mhariri wa zamu akamgeukia mpiga chapa: "Wewe si ndiye unayezipigia kelele? Haya, ingia ukazisome." Aliingia studio. Taa nyekundu ilipowaka, salamu ya wapenzi wasikilizaji ilimtoka kichwani yote, akasema kitu pekee alichozoea kusema asubuhi juu ya ua wa nyumba yake: "Jirani, upo?"

Mhariri alimgombeza mpaka chai ikapoa. Lakini wiki iliyofuata dereva wetu, ambaye tulimpa jina la Breki kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuzitumia, akaanza kuleta salamu za ajabu kutoka kila kituo alichosimama. Watu walimwagiza amwambie yule dada kwamba wao wapo. Mzee mmoja alisema mke wake ameanza kununa, maana kila asubuhi anamjibu mwanamke mwingine "nipo" kabla hajamjibu yeye. Mpiga chapa hakurudi tena kwenye mashine.

Sauti yake haikuwa nzuri. Tuseme ukweli, ilikwaruza kama mlango wa ghala, na alipokuwa na mafua ilikuwa bora zaidi. Wala yeye hakuwa mtu rahisi. Alichelewesha vipindi mpaka wakuu wa zamu wanne wakaomba kuhamishwa. Sukari ya ofisi aliitumia kama ya kwake. Na maikrofoni hakumwachia mtu. Vijana walioletwa kujifunza kwake walibeba nyaya mwaka mzima, wakaondoka wanajua kukunja nyaya vizuri sana. Tumelitaja hili kwa sababu leo hakuna wa kushika nafasi yake, na si kosa la uongozi peke yake.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu ambao hatujausikia kwenye kituo kingine chochote, na ambao sisi tuliuita kurudisha. Akirekodi kipindi kijijini leo, hakitangazwi kesho. Alikuja nacho ofisini, akakikata na kukiunganisha, halafu akarudi kulekule na spika ya kijivu. Aliiweka juu ya kiti cha miguu mitatu nje ya ghala la ushirika, akawaita wote waliosema, na kuwasikilizisha kipindi chao kabla ya mtu mwingine yeyote kukisikia. Kila mwenye sauti mle alikuwa na ruhusa ya kusema moja kati ya maneno mawili: acha, au ondoa. Akisema acha, inabaki. Akisema ondoa, inaondolewa, wala haulizwi sababu.

Ofisini tulimcheka. Mkuu wa vipindi wa wakati ule alikuwa na msemo wake: "Huyu hatangazi, huyu anarudisha." Mafuta ya gari yalikwisha kwa kurudisha, vipindi vilichelewa kwa kurudisha. Ila kuna mengi yaliyookolewa kwenye kile kiti. Mwaka wa viwavijeshi, bwana shamba alitaja kipimo cha dawa mbele ya maikrofoni akiwa na haraka. Siku ya kurudishiwa alijisikiliza, akashika kichwa, na yeye mwenyewe akapiga kelele, "Ondoa! Ondoa hiyo, nimewaambia vifuniko vitano badala ya viwili!" Angetangazwa siku ileile, bonde zima lingeunguza mahindi yake kwa dawa.

Kijiji kilichomjua zaidi ni kile cha mlimani, ambako mnara wetu wa kurushia matangazo umesimama. Watu wa pale hulala na kuamka chini ya mnara huo, na yeye alipenda kusema kwamba wao husikia redio kabla haijafika redioni. Kuna mama mmoja wa pale, ambaye kwa sababu ya watoto wake huitwa Mama Mapacha. Mume wake alihojiwa juu ya kilimo cha familia, akaeleza kwa kirefu jinsi anavyopalilia. Siku ya kurudishiwa, uwanja mzima ulisikia mkewe akisema, "Wewe? Jembe lenyewe likikuona linauliza huyu mgeni ni nani!" Mume aliomba sehemu yake iondolewe. Jirani akaiondoa, akampa maikrofoni mke, na kipindi kile cha wanawake na palizi kilirudiwa kwa maombi ya wasikilizaji mwaka mzima.

Ni Mama Mapacha huyohuyo aliyeongoza wanawake wenzake kuchagua na kuhifadhi mbegu zao za mahindi, zinazokomaa mapema kabla mvua fupi ya mlimani haijakatika. Mwezi wa Mei mwaka 2009 Jirani alisimama katikati ya shamba lao na kusema, "Jirani, nimeiona kwa macho yangu shambani. Imeota yote. Panda bila wasiwasi." Jogoo wa Mama Mapacha aliwika katikati ya maneno hayo. Jirani akarudia, jogoo akarudia. Akamgeukia: "We baba, nani kakuajiri?" Alipokuja kukirudisha kipindi, wenyeji walisema jogoo naye aachwe, kwani naye ni mwanakijiji. Akaachwa. Vijiji jirani vikaja kuomba mbegu ile, na miaka mitatu baadaye ilikuwa imefika mpaka ng'ambo ya mto.

Hayo ndiyo mafanikio yake makubwa, pamoja na chanjo ya kuku dhidi ya kideri, ambayo maafisa mifugo wanakiri kwamba bila "Jirani, upo?" wangezunguka na visanduku vya barafu mpaka barafu iyeyuke. Picha yake akiwa na kinasa sauti kati ya wakulima imetundikwa kwenye ngazi, juu ya maandishi makubwa yanayosema mawasiliano ni moyo wa maendeleo vijijini. Amepita chini ya picha hiyo kila siku akipanda kwenda kunyimwa mafuta ya gari.

Mafuta yalianza kukatwa mwaka 2019. Mkurugenzi wetu wa sasa alieleza kwenye kikao cha tarehe 4 Novemba, kwa adabu na kwa michoro ya rangi, kwamba wakulima wana simu, na kwamba hakuna haja ya kufuata mtu kilomita tisini kumwuliza kama amesema alichosema. Spika ya kijivu ikarudishwa stoo. Ukaletwa mtambo unaopanga matangazo wenyewe, na mikanda yote ya zamani ikaingizwa ndani ya mtambo huo, ikakatwa vipande vipande ili kila neno lipatikane kwa kubonyeza. Wengi wetu tulifurahi. Ilikuwa kazi nyepesi.

Mwezi wa Oktoba 2022 alikuja mfadhili, kampuni ya mbegu. Walitaka tangazo lisomwe na Jirani. Aliuliza mbegu yenyewe imepandwa wapi akaione. Wakamwambia imepandwa nchi nyingine. Akasema basi akasome mtu wa nchi hiyo. Mkuu wa masoko akacheka, akasema, "Sawa mama, tusikusumbue," na kweli hakumsumbua tena. Siku nne baadaye tangazo likaanza kupigwa, mara sita kwa siku. Sauti ya Jirani ilisema ameiona kwa macho yake shambani, imeota yote, wapande bila wasiwasi. Kisha sauti ya mwanamume ikataja jina la mbegu.

Alipanda ngazi siku hiyohiyo. Jibu alilopewa tunalijua sote, kwa sababu mlango ulikuwa wazi: sauti zilizorekodiwa kituoni ni mali ya kituo.

Mbegu ile haikuwa mbovu. Ilitaka mvua ndefu tu, na mlimani mvua ni fupi. Februari iliyofuata, simu kutoka mlimani, ambazo zilikuwa za kwanza kila asubuhi kwa miaka mingi, zilinyamaza kabisa. Jirani alidhani mnara una hitilafu. Breki alipokuwa akipeleka dizeli ya jenereta huko juu, Jirani akamwomba lifti. Haya yanayofuata tumeyapata kwa Breki, aliyekuwa amesimama kando ya gari.

Mahindi yalikuwa yamesimama marefu, mazuri kwa kutazama, hayana kitu. Hakuna aliyekuja kumpokea. Alipofika kwenye ghala la ushirika aliwakuta wamekaa, na kiti cha miguu mitatu kikiwa mahali pake. Juu yake, pale pa spika, Mama Mapacha aliweka simu.

"Kaa, Jirani. Leo sisi tunakurudishia wewe."

Tangazo likapigwa. Katikati ya maneno, kwa mbali, jogoo akawika.

"Sauti ya nani?" Mama Mapacha akauliza.

"Yangu."

"Na jogoo?"

Jirani akainamia simu.

"Jogoo ni wangu. Tulishamla zamani, supu yake wewe mwenyewe uliinywa pale jikoni. Redioni kunakuwa na makelele, mtu hasikii. Juzi mwanangu kalinasa tangazo kwenye simu, kaniwekea sikioni, ndipo nikamtambua. Wakati huo shamba limeshakuwa hivi unavyoliona. Maneno uliyosema juu ya mahindi yangu, Jirani, ndiyo yaliyonifanya niyaache mahindi yangu."

Jirani akaanza kueleza habari za mtambo, na mkuu wa masoko, na jinsi maneno yanavyokatwa. Mume wa Mama Mapacha, yule wa jembe, akamkatiza bila ukali. "Dada, hiyo kampuni sisi hatuijui. Sisi tulikusikia wewe. Ya ofisini yabaki ofisini, hapa mtu husema acha au ondoa."

Wakasema mmoja mmoja, tangu mwanzo wa benchi mpaka mwisho. Ondoa. Ondoa. Ondoa. Hata watoto wakubwa walisema. Jirani akainuka, akawaambia, "Nitaiondoa." Breki anasema waliposhuka mlima, kwa mara ya kwanza alizitumia breki, kwa kuwa alihisi amebeba mgonjwa.

Hakuiondoa. Alijaribu kwa mkurugenzi, akaambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Alijaribu kwa mkuu wa masoko, akaambiwa mkataba ni mkataba. Asubuhi ya tarehe 6 Machi 2023, akiwa bado na dakika zake chache za salamu za moja kwa moja, alisema, "Jirani, upo? Kabla hatujaanza, lile tangazo la mbegu mnalolisikia, sauti ni yangu..." Hapo studio ikakatwa na muziki ukaingia. Yaliyobaki, kwamba maneno yale yalikuwa ya mbegu nyingine ya mwaka mwingine, aliyasema mbele ya maikrofoni iliyokufa, sisi tukimtazama kupitia kioo, mdomo ukienda.

Kwa hiyo walichosikia wasikilizaji ni Jirani akithibitisha kwamba sauti ni yake. Wiki ile mbegu iliisha madukani. Mkuu wa masoko alimpita kwenye ngazi akamwambia, "Mama, umetubeba kweli," na hadi leo hatujui kama alikuwa anatania.

Siku iliyofuata kipindi chake kilifutwa na yeye akapewa cheo cha mshauri wa maktaba ya sauti. Ni chumba kisicho na dirisha, chenye rafu za mikanda ambayo mtambo ulishaimeza. Amekaa humo mwaka mmoja na miezi kadhaa, akiipanga kwa vijiji. Vijana wanaosoma taarifa za wakulima sasa ni vijana wazuri, wenye sauti nzuri kuliko yake. Hakuna aliyewahi kuwapa gari waende wakaone shamba. Mmoja wao alimwuliza Jirani wiki iliyopita mahindi yakifika kiunoni ni kiuno cha nani; Jirani akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akafunga mlango na kumfundisha mchana mzima. Tunamshukuru kwa mchana huo, ingawa umekuja umechelewa kama vipindi vyake.

Tangazo la mbegu liliacha kupigwa Aprili mwaka huu. Tusidanganyane, hakuna aliyemsikiliza. Mkataba uliisha. Na tarehe 3 Juni tumetangaziwa kwamba, kwa kumuenzi mwenzetu, kuanzia Julai kila tangazo la mfadhili, liwe la mbegu, la dawa au la mkopo, litatanguliwa na sauti yake ikiuliza, "Jirani, upo?" Yeye alipoambiwa alijibu kwa neno moja, ondoa. Aliyepeleka neno hilo juu amerudi na jibu lilelile la sauti na mali ya kituo.

Tulipomaliza kuandika wasifu huu tuliona si haki kuupeleka kwa mchapaji hivihivi. Jumapili iliyopita tuliubeba mpaka nyumbani kwake, tukaketi uani, tukamsomea mwanzo hadi mwisho. Palikuwa na sentensi iliyosema wakulima wanampenda. Akasema, "Ondoa." Palikuwa na nyingine iliyosema wanamwamini. Akafikiri, akasema isomeke kwamba walimwamini. Pale pa sukari alibisha kidogo, mwishowe akasema acha. Pale pa maikrofoni na vijana hakubisha. Tulipofika pa mlimani tulidhani atasema ondoa, tukawa tumeshaandaa kalamu. Akasema, "Acha yote. Na jogoo muacheni."

Kisha akatuomba nakala moja ya ziada. Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu atapanda mlimani, kwa basi na kwa miguu, kwa kuwa gari la Breki limeuzwa. Ataketi kwenye kile kiti na kuwasomea jarida hili, ili wajue kuanzia Julai kwamba wakimsikia redioni, si yeye anayewaita, na kwamba alisema ataiondoa na hakuweza. Tulimwambia huenda wasitoke kumsikiliza. Akasema atawasomea hata wasipotoka. Kurudisha ni kurudisha.

Kwa niaba ya studio, maktaba, stoo na karakana, asante kwa miaka yote hiyo, dada yetu. Hatukukusaidia siku ya kioo, na tunajua kwamba uliona. Tunakutakia afya, na njia kavu ya kupanda mlimani. Tunakutakia asubuhi njema, zile ambazo utafungua redio usijisikie humo.